Kufuli Halidai Kodi

Jana ilikuwa tarehe tano, na kwa mwenye nyumba wa mji wowote unaouzunguka Mlima Kenya, leo ni siku ya kufungua simu na kuhesabu. Nani ametuma, nani hajatuma. Ukiwa Kamakwa, Ruring'u, Skuta au King'ong'o hapa Nyeri, ukiteremka Karatina au ukipanda Nanyuki, hesabu ni ile ile: kodi ilitakiwa iwe imeingia, na kuna chumba kimoja au viwili ambavyo havijasema neno. Mwezi wa kwanza mpangaji ana sababu. Wa pili ana sababu nyingine. Wa tatu hapokei simu, na mwenye nyumba anaanza kuulizia bei ya kufuli kubwa dukani.

Kuhusu kufuli nitasema mara moja niachane nalo. Ukimfungia mpangaji nje, ukang'oa mlango, ukatoa mabati juu ya kichwa chake, au ukakata stima na maji ili achoke aondoke, umeigeuza kesi. Ulikuwa unamdai, sasa anakudai. Atakwenda mahakamani kuomba arudishwe ndani na alipwe fidia, kisha ataongeza kwamba mle chumbani mlikuwa na televisheni mpya na pesa taslimu chini ya godoro. Utakanaje, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako?

Ninalotaka kulisema jioni hii ni jingine, na wenye nyumba mnivumilie. Mpangaji sugu haishi kwa ujanja wake. Anaishi kwa woga wa mwenye nyumba wa kuandika. Anajua hamkuandikiana mkataba. Anajua humwandikii risiti kwa sababu hutaki ijulikane umepokea kiasi gani. Anajua ploti ingali na jina la marehemu baba yenu, na kwamba ninyi ndugu hamjakaa chini mkaelewana. Kwa hiyo anakaa zake, anakunywa chai, anangoja uone ni nani kati yenu atakayetangulia kwa wakili.

Tuanze na daftari, maana kesi nyingi za kodi hufia humo. Tuseme kuna mama ana vyumba kumi na viwili Kamakwa, kila kimoja shilingi 7,000 kwa mwezi. Ana daftari la shule, limekunjika pembe, na kila chumba kina ukurasa wake. Chumba namba saba kimeandikwa hivi: Aprili, 4,000, halafu pembeni kwa kalamu nyekundu, "atamaliza". Mei, hakuna tarakimu, kuna neno "kesho". Juni, 5,000, "kwa simu". Julai, mstari mtupu. Agosti, mstari mtupu.

Muulize mama anadai kiasi gani. Atakwambia miezi mitano, shilingi 35,000, na atakwambia kwa uchungu wa kweli, kwa sababu kichwani mwake hakuna mwezi hata mmoja kati ya hiyo mitano uliokamilika. Basi akienda kwa wakili, barua ya dai inaandikwa 35,000. Kesi ikisikizwa, mpangaji anatoa simu yake, anaonyesha ujumbe wa M-Pesa wa Aprili na ule wa Juni, na hapo mama anaonekana mbele ya hakimu kama mtu anayetaka kulipwa mara mbili. Ilhali anadai haki. Deni halisi ni 26,000: elfu tatu za Aprili, elfu saba za Mei, elfu mbili za Juni, na elfu kumi na nne za Julai na Agosti. Kama mpangaji amekwisha kuhama na chumba hakikuharibiwa, dipoziti ya 7,000 aliyoiweka siku ya kuingia nayo itakatwa humo, zibaki 19,000. Hakimu akipewa hesabu hiyo kwenye ukurasa mmoja, tarehe upande wa kushoto, kilichotakiwa, kilicholipwa, baki upande wa kulia, kazi ya mpangaji inakuwa ngumu sana. Akipewa 35,000 zisizo na maelezo, kazi ya mpangaji ni kukohoa tu.

Zile 5,000 za Juni zina shida ya pili. Je, zililipia Juni, au zilipunguza deni la Mei? Kama hukuandika kwenye risiti siku ile ile, mtabishana mwaka mzima. Andika: "Nimepokea 5,000, za kodi ya mwezi fulani, baki ni kiasi fulani," mtie sahihi wote wawili. Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni hakina bei ya kutisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wamekuwa wakiyaandika maneno hayo ukutani miaka na mikaka, lakini wenye nyumba walidhani yanawahusu wauza sukari peke yao.

Na pesa za simu? M-Pesa imewarahisishia watu ushahidi, na pia imewavuruga. Mpangaji wa namba saba analipa mwezi huu kwa simu yake, mwezi ujao kwa simu ya mkewe, mwezi wa tatu kwa simu ya rafiki wa kazini ambaye jina lake hulijui. Nawe unapokea kwa laini ile ile ambayo binti yako wa Nairobi hukutumia pesa za matumizi. Siku ya kesi utapewa kurasa arobaini za taarifa ya M-Pesa, na kila jina lazima ulieleze. Afadhali uwe na laini au namba ya malipo ya ploti peke yake, na mkataba useme kila anayelipa ataje namba ya chumba.

Tena kuna jambo ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Picha ya ujumbe wa WhatsApp uliyoichapisha pale saibani, au taarifa ya M-Pesa uliyoitoa kwenye barua pepe, haiingii mahakamani kwa miguu yake yenyewe. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka iandamane na cheti kinachoeleza maandishi hayo yametolewa katika kifaa gani na kwa njia gani, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Ni ukurasa mmoja tu, wakili huuandaa kwa dakika chache. Bila huo ukurasa, wakili wa upande wa pili atasimama na kupinga, na zile "nitakulipa Ijumaa mama, pole sana" zako zote zinaweza kuachwa nje ya faili.

Sasa mkataba. Wengi hudhani kwamba bila mkataba wa maandishi hawana dai. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali upangaji wa muda mfupi, wa miaka miwili kushuka chini au wa mwezi kwa mwezi, hata kama mlikubaliana kwa mdomo mkiwa mmesimama langoni. Pale ambapo hamkutaja muda, sheria hiyo inahesabu upangaji kwa kipindi cha malipo. Analipa kila mwezi? Basi ni upangaji wa mwezi, na notisi ya kuuvunja haipungui mwezi mmoja, nayo iishie siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo dai lipo. Kazi ni kulithibitisha, maana neno la mdomo lina wenyewe wawili.

Ukiwa na mkataba wa maandishi, ulipie ushuru wa stempu. Hapa ndipo wenye maduka hukwama kuliko wenye vyumba. Chukua duka Karatina, karibu na soko, kodi 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 300,000. Mkataba usiozidi miaka mitatu hutozwa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani shilingi 3,000. Ukizidi miaka mitatu ni asilimia 2. Mtu anakwepa hizo 3,000, kisha miaka miwili baadaye anadai malimbikizo ya 150,000, na wakili wa mpangaji anainua mkataba juu na kuuliza muhuri wa stempu uko wapi. Sheria ya Ushuru wa Stempu, kifungu cha 19, inasema hati isiyo na stempu haipokewi kuwa ushahidi katika kesi ya madai. Inawezekana kuipeleka ikapigwe stempu kwa kuchelewa na kulipa faini. Lakini kesi imesimama, na duka bado limekaliwa.

Nimegusa ushuru, basi tuongee wazi, maana ndiyo hofu iliyolala chini ya hofu nyingine zote. Wenye nyumba wengi hawaogopi mahakama, wanaogopa KRA, mamlaka ya ushuru. Kila mmoja anawaza kwamba akiweka mbele ya hakimu daftari la vyumba kumi na viwili, mtu atauliza: na ushuru wa vyumba hivi? Ni kweli hakimu hakai pale kuwa afisa wa ushuru, ila wakili wa mpangaji anaweza kukuuliza swali hilo ukiwa unatoa ushahidi, na uso wako utajibu kabla ya mdomo. Hebu tupige hesabu hiyo. Tangu Januari 2024, ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi yote, kwa mwenye kupata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba kumi na viwili vya yule mama, vikilipa vyote, ni 84,000 kwa mwezi. Ushuru wake ni 6,300. Hizo hazifiki hata kodi ya chumba kimoja. Yeye kwa kuziogopa amekaa kimya miezi mitano na kupoteza 26,000 kwa mpangaji mmoja, na wale wengine kumi na mmoja wanamtazama. Sitetei serikali kwa wingi wa tozo zake. Ninasema tu kwamba namba saba anaijua hesabu hii kuliko mwenye ploti.

Woga wa pili ni wa kifamilia, na huku kwetu mlimani una mizizi mirefu. Ploti ya mjini ilinunuliwa na mzee zamani, akajenga vyumba vya mawe, akafariki. Hati bado ina jina lake. Mtoto wa kwanza anakusanya kodi kwa kuwa anakaa karibu. Mtoto wa pili, aliye Nakuru, ameanza kuwapigia wapangaji simu akitaka sehemu yake itumwe kwake moja kwa moja. Mama mjane hajulikani anapewa ngapi. Msikilizaji, hiyo kwa mpangaji mkorofi ni sikukuu. Ukimdai atasema, "Nilimlipa ndugu yako." Ukimpeleka mahakamani, wakili wake hatahangaika na hesabu hata kidogo. Atauliza: wewe ni nani katika mali hii?

Na ni swali zito. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, anayeweza kushtaki kwa niaba ya mali ya marehemu ni yule aliyepewa na mahakama hati ya usimamizi wa mirathi. Barua ya chifu inayotaja warithi ni hatua ya kuanzia tu, si hati yenyewe. Kikao cha ukoo kilichoandikwa na kutiwa sahihi na wazee nacho, pamoja na heshima yake yote, si hati. Bila usimamizi unaotambuliwa na mahakama, hata ukiwa mzaliwa wa kwanza mwenye ufunguo wa kila mlango, kesi yako inaweza kutupwa kabla namba saba hajaulizwa alilipa lini mara ya mwisho. Tena sheria hiyo hiyo, kifungu cha 45, inaweza kukugeuzia kibao: kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Kama familia bado inavutana na kodi zinapotea, mahakama inaweza kutoa hati yenye mipaka, ya kukusanya na kuhifadhi mali tu, wakati ugawaji unaendelea kubishaniwa. Wapo wanaoweza kuishi nyumba moja miaka kumi bila kusalimiana na bado wakakubaliana juu ya hati ya namna hiyo, kwa sababu kila mmoja anaona kodi inavyoyeyuka.

Vivyo hivyo kwa ajenti na mtunza ploti. Kama ni ajenti anayepokea kodi, mkataba useme hivyo, na barua ya kumpa mamlaka iwepo. Kesi ifunguliwe kwa jina la mwenye nyumba, si kwa jina la kijana anayefagia na kufungua maji. Huyo kijana ni shahidi mzuri, maana ndiye aliyebisha mlango. Aje aseme aliyoyaona.

Nije kwa wazazi na vyuo. Eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi hapa Nyeri, Karatina kwa upande wake, Kerugoya na Kutus kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Kirinyaga, Chuka huko mbele, kumejengwa hosteli za watu binafsi kila mahali. Mpangaji ni mwanafunzi, mlipaji ni mzazi. Mwanafunzi akikwama, mzazi anapiga simu: "Usimtoe kijana, mimi nitalipa muhula ukianza." Mwenye hosteli anaridhika. Muhula unaanza, unakwisha, mwanafunzi anahitimu, mzazi habadiliki sauti: nitalipa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3, inasema ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haishtakiwi mahakamani isipokuwa iwe imeandikwa na kutiwa sahihi na huyo aliyeahidi. Ahadi ya simu ni ya heshima tu. Kwa hiyo siku mwanafunzi anapoingia, fomu ya mdhamini iwepo: jina la mzazi, namba ya kitambulisho, anapoishi, sahihi yake mwenyewe. Mzazi wa Meru au Murang'a anayemleta mtoto na gari hatakataa kuweka sahihi siku hiyo. Atakataa mwaka wa pili.

Ufaransa walilifanya jambo hili kuwa mpango mkubwa. Kuna dhamana iitwayo Visale, inayotolewa bure na shirika la Action Logement tangu 2016, hasa kwa vijana: mpangaji asipolipa, mwenye nyumba anarudishiwa pesa na mdhamini huyo, kisha mdhamini anamgeukia mpangaji. Lakini hata huko mwenye nyumba hapewi kitu kwa kulia. Anatakiwa awe na mkataba, hesabu ya deni, na taarifa iliyotolewa ndani ya muda. Karatasi ni zile zile, tofauti ni nani anayezisoma.

Sasa wenye maduka, mikahawa na vibanda vya mawe vya kukodisha, sikizeni kwa makini, kwa sababu ninyi mna sheria yenu, na wengi mmeivunja bila kujua. Ni Sura ya 301, ya mwaka 1965. Duka ambalo halina mkataba wa maandishi, au lenye mkataba usiozidi miaka mitano, linalindwa na sheria hiyo. Yaani kule kutoandika mkataba, ulikodhani kunakuacha huru kumtoa mtu wakati wowote, ndiko kulikompa mpangaji kinga. Humtoi kwa barua ya "ondoka ndani ya siku 14". Notisi lazima iwe kwenye fomu iliyowekwa, ile wanayoiita Fomu A, itaje sababu, na isianze kazi kabla ya miezi miwili tangu aipokee. Sababu ya kodi imo katika kifungu cha 7: ameshindwa kulipa kwa miezi miwili baada ya kodi kustahili kulipwa, au amekuwa akichelewesha kila mara. Mpangaji akipinga, anapeleka shauri kwenye baraza la majengo ya biashara, ambalo mawakili huliita BPRT, na notisi inasimama hadi baraza liamue. Barua iliyoandikwa vizuri, kwa lugha tamu na kupigwa muhuri wa kampuni, lakini isiyo kwenye fomu hiyo, haina nguvu. Unaanza upya, miezi miwili tena, na deni linapanda.

Kwa nyumba za kuishi kuna Sura ya 296, ambayo inalinda nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimeachwa nyuma na wakati, ila bado kuna vyumba vya mbao na mabati ambavyo vimo ndani yake, na humo kumtoa mtu kunahitaji amri ya baraza la nyumba hizo. Mswada wa 2021 ulitaka kuziunganisha sheria hizi mbili na ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi ziwe sheria moja. Bunge lile lilimaliza muda wake 2022, na mswada ukaenda nalo.

Hiyo sheria ya kukamata mali, Sura ya 293, ndiyo watu huipenda kwa sababu ina dalali ndani yake. Ni kweli mwenye nyumba anaweza kukamatisha mali ya mpangaji anayedaiwa. Lakini dalali awe na leseni, apewe barua ya maagizo yenye kiasi kamili cha deni, aorodheshe mali na kumwachia mpangaji notisi yenye siku za kulipa kabla hajabeba chochote. Akihitaji kuvunja mlango au kusindikizwa na polisi, aombe amri ya mahakama kwanza. Vipo vitu sheria inavyokataza kugusa. Pale ambapo baraza lina mamlaka, pata ruhusa yake kabla ya kumpigia dalali simu. Na kumbuka ile hesabu ya 35,000 na 26,000: dalali akitumwa kwa deni lisilo sahihi, gharama na fidia zitarudi kwako. Mimi, kwa vyumba vya 7,000, sioni faida ya dalali mara nyingi. Kitanda, jiko la gesi na sufuria tatu havitalipa hata gari la kuvibeba.

Kwa madeni ya namna hiyo, chifu anaweza kukusaidia kuliko dalali, ukijua unachotaka kutoka kwake. Chifu hana mamlaka ya kumtoa mpangaji. Alicho nacho ni meza, na watu hukubali kukaa wakizunguka meza hiyo. Ukiondoka pale na karatasi iliyoandikwa, "Mimi, mwenye kitambulisho namba hii, nakubali ninadaiwa shilingi 26,000 za kodi ya Aprili hadi Agosti, nitalipa 5,000 kila mwezi," ikiwa na sahihi yake na ya mashahidi wawili, umepata kitu kikubwa. Mtu aliyekiri deni kwa maandishi, mahakama inaweza kutoa hukumu kwa kukiri kwake bila kesi ndefu. Mpe nakala. Usimkaripie siku hiyo.

Akikataa hata hilo, barua ya dai inafuata: kiasi, miezi, siku za kulipa, na namba ya kulipia. Ipelekwe kwa mkono na atie sahihi ya kupokea. Akikataa kutia sahihi, aliyeipeleka aandike tarehe, saa na walivyoongea. Deni lisilozidi shilingi milioni moja linatoshea kiwango cha Mahakama za Madai Madogo, zile zilizoanza Nairobi mwaka 2021 na sasa zimefunguliwa katika miji mingi, ambazo sheria inazitaka zimalize kesi ndani ya siku 60. Ila mahakama hizo haziruhusiwi kuamua ugomvi wa nani akae kwenye nyumba. Muulize karani au wakili mapema: kama mpangaji bado yumo ndani na unataka atoke, au ni duka lililo chini ya Sura ya 301, mlango wako ni mwingine.

Na tafadhali, nakala ya kitambulisho uliyopewa siku ya kuingia ni ya faili. Si ya kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba ikiwa na maandishi mekundu, "mwizi huyu". Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu hata mwenye vyumba vinne. Nakala hiyo itakufaa siku hukumu imetoka na mpangaji amekwisha kuhamia Thika; hapo utashukuru kwamba kwenye fomu uliandika pia anakofanya kazi, maana mwajiri anaweza kuamriwa na mahakama akate mshahara.

Kuna swali ambalo wenye nyumba huuliza kila mada hii inapozuka: mpangaji alitoroka na kodi miaka kadhaa iliyopita, leo ameonekana mjini ana gari, je, anaweza kudaiwa? Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 8, inatoa miaka sita tangu siku kodi ilipostahili kulipwa, na kila mwezi unahesabiwa peke yake. Kodi ya tarehe 5 Agosti 2021 inadaiwa hadi Agosti 2027. Ya Septemba inasubiri Septemba. Baada ya hapo huwezi kushtaki, na wala huwezi kumtuma dalali. Kama bado uko ndani ya miaka hiyo, tafuta kwanza lile daftari la zamani na ile laini ya simu uliyokuwa ukipokelea, na uende navyo kwa wakili.